Anwani za mashine pepe za majaribio: nani azigawe, na lini?

*Swali la msomaji:* «Ndugu mtaalamu, kazi yangu ni kupima mfumo wa vyama vya akiba na mikopo kabla ya kila toleo jipya. Kila usiku skripti inanakili diski moja ya Ubuntu, inawasha mashine pepe nane (kompyuta zinazoigizwa kwa programu) juu ya KVM, sehemu ya Linux inayoziendesha, katika seva yetu, inaendesha majaribio, kisha inazifuta zote. Mashine tatu, yaani hifadhidata, seva ya programu na seva ya ujumbe, nimeziandikia anwani zisizobadilika, .20, .30 na .40, katika mtandao wa 192.168.122.0 uliokuja na libvirt, programu inayosimamia mashine pepe. Tano zilizobaki zinaigiza matawi na zinapata anwani kwa DHCP, yaani utaratibu wa mashine kugawiwa anwani yenyewe inapowaka. Mara moja au mbili kwa mwezi majaribio yanaanguka kwa kuwa matawi hayaifikii hifadhidata. Nikiyarudia asubuhi yanapita. Juzi nilitengeneza diski upya, matawi yote matano yakapata anwani moja, nikalazimika kurudi kwenye diski ya zamani. Mwenzangu mmoja anasema DHCP ni sumu kwa majaribio, niandike anwani zote kwa mkono ndani ya diski. Mwingine anasema niongeze muda wa kusubiri. Nimsikilize yupi? Na mwezi ujao tunataka kuendesha seti mbili kwa wakati mmoja.»

Ndugu msomaji, ahsante kwa swali lililoandikwa kwa ukamilifu. Umetaja namba za anwani, umeeleza ni lini tatizo linatokea na lini halitokei, na hukuficha kwamba ulirudi nyuma ulipokwama, kwa hiyo naweza kukujibu bila kubahatisha sana. Nikikuelewa vizuri, unachotaka ni usiku ambao jaribio likianguka, liwe limeanguka kwa sababu ya kosa la programu na si kwa sababu ya mtandao ulio chini yake. Wenzako wote wawili wamegusa kitu cha kweli, ila kila mmoja amekishika upande usiofaa.

Nianze na ajali ya mara moja au mbili kwa mwezi, maana ndiyo inayokuibia usingizi. Mtandao wa «default» wa libvirt una programu ndogo ya dnsmasq inayogawa anwani, na fungu lake la kugawa linaanzia 192.168.122.2 hadi 192.168.122.254, yaani anwani zote 253 zilizobaki baada ya kompyuta mwenyeji kuchukua .1. Tazama basi: .20, .30 na .40 zako zimo ndani ya fungu hilo hilo. Wewe umeziandika ndani ya mashine, lakini hakuna aliyemwarifu mgawaji kwamba zina wenyewe. Kwake yeye ni viti vitupu kama vingine.

Hapo utauliza kwa nini basi ajali haitokei kila usiku. Sababu ni kwamba dnsmasq, isipoamriwa vinginevyo, haigawi kwa kufuata mstari kuanzia namba ndogo, bali huikokotoa anwani ya MAC ya mwombaji, yaani namba ya kuitambulisha kadi yake ya mtandao, na kupata mahali pa kuanzia katika fungu. Skripti yako inatengeneza nakala mpya kila usiku, kila nakala inapewa MAC mpya ya kubahatisha, na kwa hiyo kila usiku matawi yako matano yanaangukia sehemu tofauti. Kadirio la haraka linasema kwamba matawi matano yakirushwa juu ya anwani 253 ambazo tatu kati yake ni zako, uwezekano wa tawi mojawapo kutua juu ya seva mojawapo ni karibu 15 kwa 253, yaani asilimia 6, sawa na usiku mmoja katika kila 17. Linganisha na hesabu yako ya mara moja au mbili kwa mwezi.

Tena dnsmasq ina adabu ya kubisha hodi: kabla ya kutoa anwani hutuma ping kuona kama kuna mtu. Kama hifadhidata imeshawaka na inajibu, anwani hiyo itarukwa. Lakini kama tawi limewaka kwanza, au kama faiwoli ya seva inazuia ping, hodi haijibiwi na mgawaji anaamini nyumba ni tupu. Ndiyo maana mpangilio wa kuwasha mashine unaonekana kuwa na athari za kichawi. Unapoyarudia majaribio asubuhi, MAC ni nyingine na hesabu ni nyingine, na yanapita.

Naomba hapa nisahihishe dhana ya kwanza. Watu wengi huamini kwamba anwani iliyoandikwa kwa mkono haiwezi kugongana na nyingine kwa kuwa «imeshikwa». Haijashikwa na yeyote. Linux haikagui kabla ya kuitumia anwani ya IPv4 uliyoiandika kama kuna mwingine anayeitumia, itaitumia tu. Mashine mbili zenye anwani moja zitajibu zote mbili pindi mtandao ukiuliza «nani ni .20?», na muulizaji atakwenda kwa yule ambaye jibu lake limebaki katika kumbukumbu yake. Kwa sababu hiyo tawi la kwanza huenda likaifikia hifadhidata na la pili likakataliwa ndani ya dakika ile ile, na wewe unayesoma faili la kumbukumbu asubuhi unadhani hifadhidata yenyewe ilizidiwa.

Hivyo kuongeza muda wa kusubiri hakutibu ugonjwa huu hata kidogo. Ukisubiri dakika kumi, utagongana baada ya dakika kumi.

Sasa ile diski mpya iliyoyapa matawi matano anwani moja. Huu ni ugonjwa mwingine kabisa, ingawa dalili zinafanana. Kila Linux yenye systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, ina faili la `/etc/machine-id` lenye namba ya kuutambulisha mfumo huo peke yake. Ubuntu ya seva, inapoomba anwani kupitia systemd-networkd, sehemu ya systemd inayoshughulikia mtandao, haijitambulishi kwa MAC tu. Hutoa kitambulisho kilichotokana na namba hiyo. Ulipotengeneza diski upya, yaelekea uliiwasha mara moja ili usakinishe vifurushi, namba ikaandikwa, ukaizima na kuanza kuinakili. Nakala zote tano zikafika kwa dnsmasq na kitambulisho kimoja, na yenyewe ikaona ni mteja yule yule anarudi mara tano, ikampa anwani yake ile ile kwa uaminifu. MAC tofauti hazikusaidia kitu. Mgawaji hakukosea, aliyekosea ni sisi tuliompelekea mapacha watano wenye cheti kimoja cha kuzaliwa.

Tiba yake ni kusafisha diski kabla ya kuinakili. Faili la `/etc/machine-id` liachwe mahali pake lakini liwe tupu, ili kila nakala ijitengenezee namba yake inapowaka mara ya kwanza. Programu ya `virt-sysprep` hufanya hivyo, na pamoja na hilo huondoa funguo za seva za SSH (njia ya kuingia katika mashine kwa mbali) ambazo nazo hazipaswi kurithiwa. Ukishindwa kuisafisha diski kwa sababu yoyote, netplan, zana ya Ubuntu ya kupanga mtandao, inakubali `dhcp-identifier: mac` ili mashine ijitambulishe kwa MAC peke yake, lakini mimi naihesabu hiyo kuwa bandeji.

Kutokana na magonjwa haya mawili utaona kwa nini sikubaliani na ushauri wa kuandika anwani zote ndani ya diski. Diski ni moja na mashine ni nane. Anwani ikiandikwa ndani ya diski inarithiwa na nakala zote, kwa hiyo utalazimika kuwa na diski nane, na kila zikitakiwa kuboreshwa uziboreshe zote nane bila kusahau moja. Anwani ni ya kazi ambayo mashine inaifanya usiku huo. Kwa hiyo igawiwe wakati mashine inapozaliwa, na igawiwe na mtu mmoja tu. Mtu huyo ni skripti yako, kwa kuwa ndiyo pekee inayojua nani usiku wa leo ni hifadhidata na nani ni tawi la tatu.

Skripti inaweza kugawa kwa njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kumtumia huyo huyo mgawaji wa DHCP, lakini kwa kumwekea orodha. Skripti huchagua MAC ya kila kazi badala ya kuiacha ibahatishwe, na katika maelezo ya mtandao wa libvirt kila MAC inaunganishwa na anwani yake. Uzuri wake ni kwamba diski haiguswi kabisa, na mfumo endeshi wowote unaojua DHCP, hata usio wa Linux, utafuata. Hii ndiyo sababu nasema DHCP si sumu. Iliyokuumiza ni DHCP isiyo na orodha, ikichanganywa na anwani za mkono katika fungu moja. Udhaifu wake ni kwamba mashine inategemea huduma nyingine iwe hai, na jaribio linalozima mtandao kwa makusudi na kuuwasha tena litakuwa linapima na DHCP ndani yake, jambo ambalo pengine hukulikusudia.

Njia ya pili, na ndiyo ambayo ningeichagua kwa hali yako, ni cloud-init, programu inayoipanga mashine inapowaka mara ya kwanza. Skripti inatengeneza diski ndogo ya ISO yenye jina la CIDATA, ndani yake mna faili tatu, `meta-data`, `user-data` na `network-config`, na inaichomeka kwenye mashine kabla ya kuiwasha. Mashine ikiwaka inasoma humo jina lake na anwani yake. Kwa hifadhidata, faili la mtandao lingekuwa hivi:

```
version: 2
ethernets:
  jaribio:
    match:
      macaddress: "52:54:00:7a:01:14"
    set-name: jaribio0
    dhcp4: false
    addresses: [10.77.1.20/24]
```

Hapa nisimame kidogo, maana kuna mitego ambayo mimi mwenyewe nimeingia. Kadi inatafutwa kwa MAC na si kwa jina kama `enp1s0`, kwa sababu jina hilo linatokana na nafasi ya kadi katika mashine. Ukiongeza diski au kadi ya pili, nafasi inaweza kubadilika na jina likabadilika nalo, kisha mipangilio yako ikawa inamhudumia mtu asiyekuwepo. MAC inaanza na 52:54:00, ambacho ndicho kiambishi cha mashine za QEMU (programu inayoigiza mashine pepe chini ya libvirt), na mimi hupenda kuimalizia kwa namba inayotokana na anwani: 14 ya hesabu ya kumi na sita ni 20. Ukiiona katika kumbukumbu unamjua mwenyewe papo hapo. Alama za nukuu kuzunguka MAC si pambo. MAC yenye tarakimu tupu, mfano 52:54:00:12:34:56, ikiachwa bila nukuu inaweza kusomwa na YAML, mtindo ambao faili hili la mipangilio limeandikwa, kama namba moja kubwa ya hesabu ya sitini, kama vile saa na dakika, na kadi haitapatikana kamwe. Nilipoteza alasiri nzima kwa hilo, kwa kuwa mashine saba zilikuwa na herufi ndani ya MAC zao na zilifanya kazi, na ya nane haikuwa nayo. Mwisho, `instance-id` katika `meta-data` ibadilike kila usiku, la sivyo nakala ya diski iliyowahi kuwashwa itajiona ni ile ile ya jana na kupuuza maelekezo mapya.

Ipo njia ya tatu, ya jaribio lenyewe kuandika `ip addr add` katika skrini ya mashine baada ya kuwaka. Hiyo ina mahali pake: wanaopima kisakinishi cha mfumo endeshi hawana budi kuitumia, kwa kuwa mtandao ndio unaopimwa na hakuna cloud-init ya kuutangulia. Zana ya openQA inayotumiwa na SUSE na Fedora hufanya kazi kwa mtindo huo wa kuandika kama mtu aliyeketi mbele ya kibodi. Kwako wewe haifai, kwani anwani iliyowekwa hivyo inapotea mashine ikiwashwa upya, na bila shaka mojawapo ya majaribio yako ni kuona kama hifadhidata inarudi salama baada ya kuzimika.

Utaona nimehama kutoka 192.168.122.0. Usizitumie anwani za mtandao ule kwa majaribio. Kila aliyesakinisha libvirt anao, na siku utakapoiweka seva ya majaribio yenyewe ndani ya mashine pepe, mitandao miwili yenye namba moja itakutana. Epuka pia 172.17.0.0, ambayo Docker, programu ya kuendesha kontena, huichukua, na uulize ofisini VPN yenu inatumia namba zipi kabla ya kuchagua katika 10.0.0.0. Kisha uuandike mtandao mpya katika libvirt bila sehemu ya `forward`, ili usiwe na njia ya kutoka nje, na bila sehemu ya `dhcp`, ili asiwepo mgawaji wa pili. Mashine zitaonana zenyewe kwa zenyewe, na hakuna jaribio litakalotuma ujumbe kwa mwanachama halisi kwa bahati mbaya. Kwa mfumo wa akiba na mikopo, faida hii peke yake ingetosha kunishawishi.

Mtandao uliofungwa una gharama moja ambayo watu huisahau, nayo ni majina. Mashine ikiwa na anwani ya seva ya DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) isiyofikika, kila jina linalotafutwa husubiri sekunde 5 na kujaribu tena, na jaribio la nusu dakika linageuka la dakika tano bila kosa lolote kuonekana. Ama uandike majina nane katika `/etc/hosts` kupitia `user-data`, ama uyaandike katika sehemu ya `dns` ya mtandao wa libvirt na kuziambia mashine ziulize .1. Mimi huchagua `/etc/hosts`, kwa kuwa nikiifungua mashine iliyoanguka naona yote mahali pamoja.

Kuhusu seti mbili kwa wakati mmoja, tamaa ya kwanza itakuwa kutumia anwani zile zile katika mitandao miwili iliyotengwa. Kinadharia inawezekana, lakini libvirt itakataa kuwasha mtandao wa pili ikiwa kompyuta mwenyeji tayari ina mguu katika namba hizo, na ukimwondoa mwenyeji katika mitandao hiyo utahitaji njia nyingine ya kuzifikia mashine. Kwa seti mbili au hata ishirini, ni rahisi zaidi kubadilisha namba ya tatu: 10.77.1.0 kwa seti ya kwanza, 10.77.2.0 kwa ya pili, na hifadhidata iwe .20 kote. Majaribio yatumie majina, si namba, nayo hayatajua yamo katika seti ipi. Ukiona mahali ambapo programu yenu imeandikwa 192.168.122.20 ndani yake, umepata kosa la kweli la kuripoti.

Nimrudie sasa yule mwenzako wa kusubiri, kwa maana ana haki yake pia. Anwani kuwepo hakumaanishi kwamba huduma iko tayari. Daraja la Linux, yaani swichi ya programu inayounganisha kadi za mashine, ulilolitengeneza mwenyewe na kuliwashia STP (itifaki ya kuzuia mizunguko katika mtandao) hukaa sekunde 30 kabla ya kupitisha data kwa kadi mpya, ila madaraja ya libvirt huwekwa bila ucheleweshaji huo. Kadi ya pili isiyo na anwani inaweza kuizuia Ubuntu kwa dakika mbili wakati wa kuwaka, na tiba yake ni `optional: true` katika mipangilio ya kadi hiyo. Hifadhidata nayo ina shughuli zake kabla ya kufungua mlango. Lakini usisubiri kwa kukadiria sekunde. Acha `cloud-init status --wait` imalizike, kisha skripti ijaribu kufungua mlango wa hifadhidata kila sekunde moja, na iwe na kikomo ambacho kikipita inasema wazi kwamba mazingira hayakuwa tayari. Tofauti kati ya «mazingira hayakuwa tayari» na «jaribio limeanguka» iandikwe katika ripoti kwa maneno hayo hayo.

Kabla hujabadilisha chochote, hakikisha kwamba nimekisia sawa. Usiku ujao majaribio yakianguka, skripti isifute mashine. Endesha `virsh net-dhcp-leases default` katika kompyuta mwenyeji uone kama .20, .30 au .40 imekodishwa kwa tawi, kisha `ip neigh` ndani ya tawi linalolalamika, ulinganishe MAC iliyoandikwa mbele ya .20 na MAC halisi ya hifadhidata. Zikitofautiana, umempata. Zikiwa sawa, nimekosea, na tatizo liko juu zaidi, katika hifadhidata au katika programu yenyewe. Kwa usiku wa leo, kama huna nafasi ya kujenga upya, punguza fungu la DHCP lianzie 192.168.122.100, amri ya `virsh net-edit default` inatosha, kisha mtandao uzimwe na kuwashwa wakati hakuna mashine inayoutumia.

Kuna mahali ambapo nakuomba usiendelee peke yako. Ikiwa mtu atapendekeza mashine za majaribio ziunganishwe moja kwa moja na mtandao wa ofisi ili matawi halisi yashiriki, mwite msimamizi wa mtandao aketi nawe mbele ya seva kwanza. Mgawaji wa DHCP akivuja kutoka kwenye maabara yako, kompyuta za wahasibu zitaanza kupokea anwani zisizofika popote, na swichi nyingi za ofisi zimepangwa kuufunga mlango unaoonyesha MAC nyingi kwa ghafla, kwa hiyo unaweza kuikata seva nzima pamoja na kazi nyingine zinazoishi ndani yake. Vivyo hivyo, siku seti zako zitakapoenea juu ya seva mbili na kuunganishwa kwa VXLAN, njia ya kupitisha mtandao mmoja ndani ya mwingine, ambayo hula baiti 50 za kila pakiti, ukaona kuingia kwa SSH kunakubali lakini faili kubwa zinakwama katikati, huyo ni mtu wa kuitwa mwenye kujua swichi zenu zinapitisha pakiti za ukubwa gani.